Jina la Baba Mkwe na Shule ya Mahindi

Jumatatu, 1 Aprili

Daftari langu, nisamehe. Najua. Mara ya mwisho nilikuandikia tumbo likiwa mbele yangu kama meza, na leo mtoto ana siku kumi na tatu. Ningeandika mapema, lakini kila nikishika kalamu mtu analia. Mara nyingine ni mtoto.

Habari kwa ufupi. Ni msichana. Poloko. Jina lilikuwa linamsubiri tangu harusi, wakwe waliponiita Mapoloko, yaani mama Poloko, kabla sijajua hata sufuria zao zinakaa wapi. Nipo Pitseng kwa mama yangu, ndivyo ilivyo kwa mtoto wa kwanza. Mwanzi umechomekwa juu ya paa, ishara kwamba ndani kuna mzazi. Mwanamume haingii humu mpaka miezi mitatu iishe. Motlatsi, mume wangu, anamwona mwanawe dirishani kama mtu aliyekuja kumtembelea mfungwa. Mfungwa ni mimi.

Wajumbe wetu walipokwenda kwa wakwe kutoa habari walifanya kama inavyofanywa. Akizaliwa wa kiume, baba huchapwa fimbo. Wa kike, humwagiwa maji. Shangazi yangu hajui kufanya jambo nusu. Ndoo nzima! Motlatsi alikuwa na suti, na simu ilikuwa ndani ya suti. Ikafa palepale. Wanasema alicheka sana. Kesho yake hakucheka.

Sasa anatumia kisimu cha vibonyezo cha baba yake. Barua pepe anazisoma ofisini tu. Kwa hiyo kishikwambi chake ameniachia, nimpige picha mtoto, na nimwambie zile shule za Amerika zikiandika.

Ameniachia mimi. Sikuomba.

Motlatsi ni mwanasheria wa Wizara ya Biashara. Shule tatu za Amerika zimemkubali akasomee shahada ya uzamili ya sheria, upande wa biashara ya kimataifa. Mwaka mmoja, kuanzia Agosti. Lazima achague moja na kuthibitisha kabla Jumatatu ya tarehe 15 haijaisha.

Mimi nimeshachagua. Bado yeye tu.

Jumanne, 2 Aprili

Majina ya shule hizo ni marefu kama nasaba ya chifu. Nimezibatiza upya.

Ya kwanza, Shule ya Mji Mkuu. Ipo Washington. Picha zote ni watu wenye tai wakishuka ngazi. Wanaofundisha jioni ndio haohao wanaoandika mikataba ya nchi mchana. Wanafunzi wanakaa wanne katika nyumba moja. Watoto hawakutajwa popote, kana kwamba Washington watu hawazai.

Ya pili, Shule ya Theluji. Ina profesa mwenye nyusi kama mabua ya kufagilia. Wanafunzi wake husaidia serikali za nchi ndogo zinaposhtakiwa na nchi kubwa. Jambo zuri, nakiri. Nyumba za familia hakuna.

Ya tatu, Shule ya Mahindi. Ipo katikati ya shamba la mahindi lisilo na mwisho. Haina tai wala nyusi. Karo yote wanalipa wao. Na kwenye ukurasa wa saba kuna picha ya mama anasukuma kigari cha mtoto mbele ya maktaba. Nilimtazama mama yule mpaka kioo kikazimika.

Nikatengeneza jedwali la haki la kuzipa alama. Vigezo kumi. Nikajaza bila upendeleo wowote. Mahindi ikawa ya mwisho.

Nikahesabu tena. Ya mwisho tena.

Nikaongeza kigezo, nyumba ya familia, alama arobaini. Na kingine, upatikanaji wa ugali, alama ishirini. Mahindi ikashinda kwa alama kumi na moja. Hisabati haidanganyi ukiisaidia.

Nilimsomea Motlatsi kwa simu. Akauliza ni nani aliyeweka ugali katika sheria ya biashara ya kimataifa. Nikamwambia wataalamu.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimebuni mpango. Nitaziandikia shule zote tatu kwa jina la Motlatsi na kuziuliza msimamo wao kuhusu watoto wachanga. Zitajifunua zenyewe. Kisha nitamwonyesha majibu, naye atadhani ni yeye aliyegundua.

Niliandika kwa mkono mmoja, Poloko akiwa kwenye titi, mkono wa pili umekufa ganzi. Kizungu changu ni cha sekondari na kiwandani, lakini kinafika. Nilitaka barua iwe na ukweli ndani yake, maana barua ya uongo mtupu inanuka. Kwa hiyo nikaeleza hali ilivyo. Kwamba nanyonyesha kila baada ya saa mbili. Kwamba mshono bado unaniuma nikikaa kwenye kiti kigumu. Je, viti vya darasani vikoje?

Nikatia sahihi, Motlatsi. Basi. Jina lake la pili siliandiki. Alipopelekwa shule utotoni mwalimu alimuuliza, wewe baba yako nani? Akalitaja jina la baba yake, likaandikwa kitabuni, likawa jina lake la ukoo mpaka leo kwenye pasipoti. Mimi ni mkaza mwana. Jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwangu. Humu ndani pia, daftari langu, hutaliona.

Nimezituma. Najiona mtu hatari.

Ijumaa, 5 Aprili

Lo!

Shule ya Mji Mkuu imejibu kwa fomu ya kurasa tisa.

Shule ya Theluji imempongeza Bwana Motlatsi kwa kujifungua salama. Wana chumba cha wanafunzi wanaonyonyesha, ghorofa ya pili, chenye friji. Wana mshauri wa wanafunzi waliotoka uzazini. Wanauliza kwa heshima zote angependa aitweje mbele ya wenzake.

Kwa Shule ya Mahindi amejibu mama mmoja wa ofisini, Bi Darlene Vogt. Hakushangaa chochote. Amesema hongera, mshono ukandwe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na viti ni vigumu kweli, kwa hiyo njoo na mto. Mtu wa watu!

Nilikuwa bado nafurahi simu ilipolia. Nilisahau kwamba barua zinazoingia kwenye kishikwambi zinaingia pia kwenye kompyuta ya ofisini. Motlatsi alizifungua mkurugenzi akiwa amesimama nyuma yake. Anasema tangu saa tatu asubuhi wizara nzima inamuuliza mshono unaendeleaje. Mlinzi wa getini amempisha kiti chake.

Hakupandisha sauti. Motlatsi akikasirika sauti inashuka, na hapo ndipo naogopa. Akaniomba nisiandike tena barua yoyote kwa jina lake. Nikaapa.

Kuandika nimeacha. Kubonyeza hakukutajwa.

Jumapili, 7 Aprili

Wifi amekuja. Nthabeleng, dada mkubwa wa Motlatsi, karani wa benki Maseru, anayechapa kwa vidole vyote kumi huku anakutazama usoni. Alileta blanketi zuri la mtoto, siwezi kukataa. Alimbeba Poloko akamnusa utosini kwa muda mrefu. Kisha akaketi na kuanza.

Kwamba kwa umbo lile nililokuwa nalo yeye alitegemea mapacha. Kwamba mtoto ana pua ya kwao, ashukuriwe Mungu. Kwamba kina mama wote wa kanisani wanajua Motlatsi anakwenda Washington, kwa sababu yeye amewaambia, na yeye si mtu wa kurudi kanisani kusema, samahanini, si Washington tena, ni kwenye mahindi.

Nikasema kwa upole kwamba Washington hakuna mahali pa mtoto.

Akacheka. Wifi yangu, akasema, mume akienda kutafuta, mke anangoja. Baba yetu alikaa migodini miaka kumi na minne. Uliwahi kusikia mama alimfuata shimoni na mtoto mgongoni?

Mama yangu alikuwa anakoroga uji wa mtama pale pembeni. Mwiko wake ulianza kugonga sufuria.

Maana sisi pia tulingoja. Baba yangu alikuwa mgodini mpaka nilipotimiza miaka tisa. Nilipokuwa na mitatu alirudi Krismasi, nikamwona mlangoni, nikakimbia kwa mama nikapiga kelele kwamba kuna mgeni. Mama anasema baba alitoka nje akajifanya anakagua ua. Alikagua ua mpaka jua likazama.

Simlaumu yeyote. Lakini Poloko hataniambia mimi kuna mgeni. Hilo silihitaji jedwali.

Wifi alipoondoka alisema niongeze maji mwilini, nimepauka. Amesema kweli. Inaudhi.

Jumatano, 10 Aprili

Motlatsi alikuja kuaga dirishani. Anakwenda Mokhotlong kwenye mikutano na wafugaji wa mbuzi wa sufu, atarudi wiki ijayo. Alisimama kwenye baridi amejifunika blanketi, mimi ndani nimemwinua Poloko kama bidhaa ya dukani. Alimwambia mambo mengi ya kipuuzi. Nilimpenda sana. Ilibidi nikumbuke kwamba nilikuwa na hotuba.

Hotuba ilikuwa hii. Pale kiwandani Maputsoe nilishona mifuko ya suruali za jinzi miaka minne, kabla sijaolewa. Mwaka mmoja kontena zima lilikataliwa huko ng'ambo. Karatasi zilisema jora la kitambaa limetoka mahali fulani, kumbe limetoka kwingine. Suruali zilikuwa nzuri, mshono umenyooka. Karatasi ndizo zilizokuwa mbaya. Wanawake mia mbili tulirudishwa nyumbani siku moja, wengine na vikombe vyao vya chai mkononi. Na Shule ya Mahindi ina muhula mzima wa jambo hilohilo tu: bidhaa ihesabiwe imezaliwa wapi. Ukurasa wa kumi na mbili. Nilisoma na kamusi.

Niliisema yote. Aliniangalia kwa namna nisiyoizoea. Akasema angekuwa na akili, angeniweka mimi niandike ile insha yake ya maombi.

Nikasema, basi unachagua ipi?

Akasema nisihangaike, ameshajua. Jumatatu ataithibitisha mwenyewe, ofisi ya mkuu wa wilaya kule wana mtandao.

Ipi?

Akatabasamu. Utaona.

Utaona! Mwanamume akisema utaona kuna kitu cha kuficha. Na aliposogea nikaona ni nani amekaa kiti cha mbele cha gari alilopewa lifti, anapunga mkono kama malkia. Wifi.

Ni Washington. Nimekwisha.

Jumamosi, 13 Aprili

Nguo za mtoto hazikauki. Nimelala jumla ya saa tatu, vipande vipande. Nimeomba Mungu anionyeshe njia iliyo sawa. Amekaa kimya, kwa hiyo nimeendelea na yangu.

Akaunti ya Motlatsi katika Shule ya Mahindi iko wazi kwenye kishikwambi. Nimechungulia. Kuna kitufe cha kijani: nakubali nafasi. Kukibonyeza si kuandika barua.

Nafasi ikishathibitishwa, atakasirika siku mbili. Halafu atanishukuru miaka hamsini.

Jumatatu, 15 Aprili

Niandike haraka kabla Poloko hajaamka.

Mama alikwenda bustanini saa saba mchana. Nikapanda juu ya sanduku karibu na dirisha, mahali pekee penye mtandao. Poloko kifuani. Nikabonyeza kijani. Rahisi kama kukata uzi!

Ikafunguka fomu ndogo. Andika jina lako kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Hiyo ndiyo sahihi yako.

Jina kamili.

Vidole vikasimama hewani. Mtu atasema, Mapoloko, kuandika si kutamka. Bibi yangu alisema kidole ni ndugu wa ulimi. Naye bibi aliishi na wakwe miaka sitini bila kukosea hata mara moja. Ng'ombe mmoja alipewa jina linalofanana na la baba mkwe wake, na bibi akawa anamwita yule wa kahawia. Niko uzazini, mwanzi uko juu ya paa, nimembeba mjukuu wa mzee huyo huyo. Nianzie hapo kukosa adabu?

Nikaandika Motlatsi. Ikakataa, jina halijakamilika.

Nikaandika Motlatsi Mwana wa Baba Mkwe. Ikakataa.

Nikasema nitalinakili kutoka kwenye barua yao bila kuliandika, nimefumba jicho moja. Nikabandika barua nzima, salamu, anwani na nembo. Ikakataa. Ikaniambia pia kwamba nimebakiwa na mara mbili.

Mama angeweza kulitamka, yeye halimhusu. Lakini mama angeuliza nafanya nini, na uso wangu mbele ya mama ni dirisha lisilo na pazia. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kulitaja jina hilo, anayejua kompyuta na mwenye simu mkononi saa hiyo. Binti wa mwenye jina. Wifi.

Bora nilambe jivu.

Nikaandika Motlatsi Mume wa Mapoloko. Ikakataa. Mara moja imebaki.

Hapo ndipo nilipomtazama Poloko. Akanitazama. Mjukuu hakatazwi! Mjukuu anamwita babu yake vyovyote anavyotaka! Nikakishika kidole chake cha shahada, kidogo kama njegere, nikaelekeza uso wangu darini ili nisione. Mimi nilimwonyesha uelekeo tu. Aliyeandika ni yeye.

Alianza vizuri. Kisha akapiga chafya, akakunja ngumi, akaiteremsha yote kwenye kioo, ikabonyeza hadi kitufe cha kutuma.

Akaunti imefungwa kwa usalama. Mtu asiyejulikana amejaribu mara tano kutumia jina lisilo la mwombaji. Mwombaji awasiliane na ofisi.

Nimefunika kishikwambi kwa nepi. Mama amerudi na mboga. Ameniuliza mbona nimekaa juu ya sanduku. Nimesema napunga upepo. Ni Aprili. Kwetu baridi imeshaanza, mama amejifunga blanketi.

Jumanne, 16 Aprili

Motlatsi amepiga.

Jana saa kumi alitembea kutoka mkutanoni hadi ofisi ya mkuu wa wilaya, akaazima kompyuta, akaketi athibitishe shule yake. Shule ya Mahindi.

Narudia, ili nami niamini. Shule ya Mahindi. Aliichagua tangu Februari. Tangu alipofika ukurasa wa saba akamwona mama anasukuma kigari mbele ya maktaba. Alinyamaza kwa sababu alitaka kuja kunieleza siku nitakapotoka uzazini, na tikiti tatu mkononi. Wifi alipewa lifti tu hadi stendi ya basi.

Akakuta akaunti imefungwa. Akapiga simu Amerika kwa simu ya mkuu wa wilaya. Wakamsomea majina matano ya yule mtu asiyejulikana. Manne aliyatambua mwandishi wake mara moja. La tano lilikuwa herufi kumi na moja, nyingi zikiwa g na p.

Akaniuliza kwa ile sauti ya chini, huyu wa tano ni nani?

Nikamwambia, binti yako.

Halafu nikasikia kitu. Sijui kilikuwa kicheko au nini, mtandao wa Mokhotlong ni mbaya. Akasema hawakuifungua akaunti bila kuona pasipoti yake, iliyo Maseru, muda ukaisha usiku huohuo, na nafasi isiyothibitishwa hupewa anayefuata. Shule zile nyingine mbili alishazikataa wiki iliyopita, kwa adabu, kwa barua. Akasema nikalale.

Sikulala. Nimekaa na Poloko mapajani nikimtazama. Nimemnyang'anya baba yake mwaka mzima, kwa kidole chake mwenyewe.

Mama alikuja akakaa kitandani. Nikamweleza yote, mpaka la nepi. Akasikiliza. Akasema, mwanangu, mimi nilingoja miaka kumi na miwili na sikuwahi kumuuliza baba yako hata mara moja kama anataka niende naye. Wewe pia hukuuliza. Umepanda sandukuni badala yake.

Nikasema niliuliza, akasema utaona.

Akasema, basi ungeona.

Jumatano, 17 Aprili

Saa mbili asubuhi Wifi yuko mlangoni na kompyuta yake mpakato. Motlatsi amempigia usiku. Nilitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Pitseng ni mwamba.

Aliketi juu ya sanduku langu, akaandika barua ya rufaa kwa Bi Darlene Vogt kwa vidole kumi. Alipofika kwenye jina alilichapa bila kutazama, tratratra, mara tatu katika ukurasa mmoja, na kila mara akalitamka kwa sauti kubwa kuliko lazima. Nikamziba Poloko masikio. Akasema ziba yako, huyo ni wa kwetu.

Halafu, kumbe ungenipigia tu, wifi yangu!

Nikasema nilikuwa karibu kupiga.

Akasema ningepiga angekataa, angenisema dakika tano, kisha angeandika. Nikauliza angeandika shule ipi. Akafikiri kwa uaminifu. Washington, akasema. Lakini jina lingekuwa sawa.

Hata hivyo barua aliyoandika ilikuwa ya Mahindi, na ilikuwa nzuri. Aliweka maneno ambayo sikumwomba. Kwamba kwetu mkaza mwana hataji jina la baba mkwe, kwamba hilo ni heshima na si utapeli, na kwamba mke wa mwombaji ni mtu mwenye heshima kupita kiasi na akili ya kawaida. Nikasema toa hilo la akili. Akasema litabaki, ndilo litakaloaminika.

Majibu yalikuja saa kumi na moja jioni. Bi Darlene! Anamkumbuka vizuri yule bwana mwenye mshono. Anasema alikuwa amejiuliza. Amewasomea barua wenzake wote, na mmoja ametoka kufuta machozi. Nafasi haijagawiwa. Ataishikilia mpaka Jumatano ijayo, tarehe 24, iwapo atapata uthibitisho wa jina la mwombaji na hati za familia itakayosafiri naye.

Familia itakayosafiri naye.

Nilimkumbatia Wifi kabla sijajizuia. Akasimama kama mti. Akasema namlowesha maziwa. Kisha akaniuliza, huku anakunja kompyuta, kule kuna kanisa? Maana itabidi awaambie kina mama kitu. Nikasema lipo, kubwa, katikati ya mahindi. Sijui kama lipo.

Alhamisi, 18 Aprili

Motlatsi amefika Maseru. Tumezungumza nusu saa. Nimemwomba radhi bila kujitetea, jambo gumu kuliko uzazi. Ameniomba radhi kwa lile utaona. Nimeapa kwa blanketi la Poloko kwamba sitagusa tena akaunti, barua wala kitufe cha rangi yoyote. Kishikwambi kinarudi kwake Jumamosi, Wifi akija. Kazi niliyoachiwa ni moja tu, kukusanya hati zangu na za mtoto, nizijaze, nizirudishe kwa mkono wa Wifi. Nimekubali. Nimejifunza. Mtu aliyeolewa na mtu mwema hana haja ya hila.

Ila kuna jambo dogo. Leo Bi Darlene ametuma orodha ya nyumba za familia. Zimebaki mbili. Moja inatazama bembea za watoto, nyingine inatazama maegesho ya magari. Motlatsi anasema watatupangia wenyewe, tusisumbue watu waliotutendea wema. Hajui kusukuma kigari katikati ya magari ni nini. Mtu anayefahamu mambo angeandika ombi fupi, la heshima, leo hii.

Sitabonyeza kitu. Niliapa. Karatasi na bahasha sikuzitaja.

Orodha ya vitu ninavyohitaji bado, Wifi anisomee kwa simu ili nijue ameviandika vyote:

Cheti chetu cha ndoa, kile halisi, kipo ndani ya Biblia kubwa, Zaburi.

Pasipoti yangu ya zamani, droo ya vijiko.

Picha zangu nne za pasipoti, zile nisizocheka.

Cheti cha kuzaliwa cha Poloko kikitoka kwa msajili. Wifi ndiye akakague jina la babu, mimi siwezi.

Nepi za kitambaa kumi na mbili na pini zake.

Mafuta ya mgando, chupa kubwa.

Mto wa kiti kigumu.

Bahasha mbili ndefu zenye stempu za ng'ambo.

Karatasi tatu nyeupe, tupu, zisizo na mistari, zenye sahihi ya Motlatsi chini upande wa kulia. Aambiwe ni za kliniki.